Hatua Kumi na Moja hadi kwa Zaituni

"Aliyemwosha ni mimi, Mwanamvua, usinifundishe mwili," Bi Tunu alikuwa akisema, kidole kimoja hewani, ndoo yake imesahauliwa chini ya bomba inafurika. "Vidole vilikuwa vimekaza. Nimevikanda kwa maji ya moto mpaka mikono ikaniuma mimi. Sasa mtu aliyesema na mama yake saa nane na nusu, saa kumi anakuwaje vile?"

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema mwongo. Nimeuliza."

"Umeuliza hapa bombani, umeuliza kwa muuza mkaa, umeuliza msibani kwa Mzee Ngoda, sahani ya pilau iko mapajani. Swali gani hilo, Tunu, linatembea barabara nzima halafu kwangu ndiyo linafika mwisho?"

"Maji yanamwagika," bomba likasema kwa ile sauti yake ya kistaarabu, sauti ya manispaa.

"Na wewe nyamaza," Bi Tunu akaliambia, akalizima kwa kiganja.

Mwajabu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mswaki mdomoni, povu limemjaa, hawezi kutema wala kumeza. Alikuwa mpangaji wa Bi Mwanamvua mwaka wa saba huo. Nyumba yenyewe ni ya zile chache za zamani zilizobaki Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, na juu, palipokuwa na bati, vigae vya jua. Nyumba kama hizo hazina siri. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakuombea dua. Ndiyo maana mtaa ulishindwa kuelewa: binti kaanguka chumbani mwake mchana kweupe, mama yuko uani anamenya mihogo, na mama hakujua?

"Mimi sina ugomvi na wewe," Bi Tunu alisema, sauti imeshuka kidogo. "Nimeosha maiti wa Ngamiani miaka thelathini na moja, sijaogopa hata mmoja. Lakini jana nimepita dirishani kwa marehemu nikasikia kitu. Nikasema, Tunu, umezeeka."

Ndipo kutoka chumba cha pili, mkono wa kushoto, sauti ikatoka kupitia dirisha la uani.

"Nipo."

Mara moja tu, kwa uchangamfu, kama mtu aliyeitwa na mwenziwe kutoka nyumba ya pili. Ilikuwa sauti ya Zaituni, aliyezikwa siku thelathini na nane nyuma.

Bi Tunu akashika kifua. Ndoo ikapinduka miguuni pake, maji yakamwagika yote, na hakuyatazama.

"Ni kompyuta ya kazini kwake," Bi Mwanamvua akasema. Hakushtuka. Alikwishazoea, na pengine, Mungu amsamehe, alikwishaanza kuingoja. "Mwajabu, mwambie. Si wewe ndiye fundi wao?"

Wote wawili wakamgeukia. Mwajabu akatema povu mferejini, akajipangusa.

"Ni mashine, Bi Tunu. Ofisi bado haijaifunga. Inaulizwa kama mwenyewe yupo, basi inajibu."

"Na nani aliyeifundisha kusema yupo wakati hayupo?"

Mwajabu akasema anachelewa kazini. Kazini kwenyewe kulikuwa kitandani kwake.

"Chai ipo, mwanangu," Bi Mwanamvua akamwambia alipokuwa anageuka. "Na mihogo ya nazi. Hujala kwangu siku nyingi."

"Nimeshiba, mama."

Saa moja asubuhi, na mtu kashiba. Bi Tunu alimtazama Mwajabu, akaitazama sufuria, akaokota ndoo yake taratibu. Mwajabu alijua mtazamo ule utakuwa umefika wapi kabla ya adhuhuri. Maana maneno yalikuwa yamekwisha kuvuka yale ya vidole vilivyokaza. Walikuwa wakisema Mwanamvua amemtoa mwanawe kafara, akabakiza sauti. Nyumba ambayo zamani ukipita saa saba mchana unavutwa mkono ule hata kama umetoka kula kwako, sasa watu wanaipita kwa upande wa pili wa barabara. Sinia analopeleka msibani linarudi lilivyo, kawa haijafunuliwa. Na wenye ndimi walikuwa na ushahidi wao: hata mpangaji wake, hata shoga wa marehemu, hali tena kwake.

* * *

Kazi ya Mwajabu ilikuwa kuingia kwenye kompyuta za watu bila kutoka chumbani. Kampuni ilishughulikia nyaraka za mizigo, na makarani wake mia tisa walikaa majumbani mwao, kutoka Mtwara hadi Bukoba. Karani akikwama, Dawati la Msaada linampa Mwajabu jina. Anabonyeza. Kule kwa karani kinatokea kisanduku: *Fundi anaomba kuingia. Ruhusu au Kataa.* Akiruhusu, kioo cha yule kinafunguka ndani ya kioo cha huyu, na mshale wa karani unaanza kutembea wenyewe kama umepagawa.

Mafundi wengine huingia kimya. Mwajabu hakulelewa hivyo. Kabla ya kubonyeza chochote huandika kwenye mazungumzo: *Hodi.* Halafu anangoja, hata kama foleni ni ndefu, mpaka aandikiwe karibu. Wazee wa mikoani walimpenda kwa hilo tu. Wengine walikuwa wakiharibu vitu makusudi ili aje, wapige soga.

Na wa kwanza kwa soga alikuwa Zaituni, binti wa Bi Mwanamvua, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Mwajabu, kidogo upande. Hatua kumi na moja; Mwajabu alikuja kuzihesabu baada ya mazishi. Lakini saa za kazi hakuzipiga hatua hizo. Alimfikia Zaituni kwa kupitia mitambo ya Dodoma na setilaiti mbili, akiandika hodi kwa mtu ambaye angemsikia kama angekohoa.

Zaituni hakuwa mtu wa kukaa ndani. Alikuwa mtu wa watu. Harusi, arobaini, mtoto katolewa nje, mtu karudi safari, yeye yuko, kajifunga kibwebwe, anajua nani kavaa nini na kakiazima kwa nani. Kiti cha ofisi kilikuwa kifungo kwake. Kweli, sheria ilimpa kaimu. Kila kompyuta ya kampuni ilikuwa na kaimu ndani yake, programu iliyokaa miaka ikimsikiliza mwenyewe, ikijifunza anavyoandika, anavyoongea, hata anavyocheka, ili aondokapo kwenda kuswali au kula imshikie kiti nusu saa. Nusu saa basi. Halafu kila dakika ishirini ofisi inauliza: *Upo?* Na hapo kaimu hana kauli. Lazima kidole chenye damu kiguse kioo. Kikikosekana mara tatu, king'ora kinalia kwenye simu ya jirani aliyeandikishwa, aende akagonge mlango.

Makarani waliichukia *Upo* kuliko kitu chochote. Walisema ni jicho la bosi. Waliokumbuka ilikotoka walikuwa wachache: ilidaiwa na wafanyakazi wenyewe, kwa mgomo wa wiki tatu, baada ya karani mmoja kukaa siku sita sakafuni kwake huku kaimu wake anapeleka barua na kuwatakia watu Ijumaa njema.

Mwajabu alikuwa miongoni mwa wanaokumbuka. Lakini ilipofika unyago wa mjukuu wa Bi Tunu, siku mbili mfululizo, na Zaituni akaja akakaa kwenye kitanda chake akimbembeleza, shoga nifanyie, siku mbili tu, nitakuletea sahani yako, alifungua. Ilimchukua dakika nne. Alimpa kaimu ruhusa ya kujibu *Nipo* badala ya kidole, na ruhusa ya kumkaribisha fundi abishaye hodi, hata kumwitikia kwa sauti ya Zaituni mtu wa mlangoni. Jirani aliyeandikishwa kwa Zaituni, ambaye simu yake sasa isingelia hata iweje, alikuwa yeye Mwajabu. Walicheka sana. Sahani ikaja, pilau na kachumbari. Unyago ukaisha, na hakuna aliyekumbuka kufunga. Baadaye walikumbuka, wakaona kwa nini wafunge.

Mwaka ukapita hivyo. Ikaja ile Jumanne.

Saa nne na dakika kumi asubuhi Dawati lilimpa Mwajabu jina la Zaituni. *Hitilafu: kibodi kinajiandika.* Akaandika hodi. *Karibu shoga, karibu mwaya, umechelewa mpaka nimeota mvi.* Akaingia. Akaikuta hati ya mizigo imejaa herufi moja, *jjjjjjjj*, safu juu ya safu, inamiminika kama mchele kutoka gunia lililotoboka.

*Leo kibodi chako kimelewa,* akaandika.

*Si bure, kimekunywa chai yangu.*

Akafanya anachofanya fundi yeyote. Akaenda kwenye mipangilio, akakizima kibodi kutoka mbali. Herufi zikakoma. Na kwa kuwa foleni ilikuwa fupi siku hiyo, walihamia kwenye sauti, wakapiga soga dakika ishirini na tano. Bi Tunu alikuwa kaposwa na mzee mmoja wa Pongwe, mwenye meno ya bandia na pikipiki mpya, na Zaituni alikuwa na habari zote. Alicheka kile kicheko chake cha kuvuta pumzi. Mwajabu alikisikia kwenye spika na kupitia ukutani, mara mbili, kimoja nyuma ya kingine. Halafu akaandika kwenye fomu: *Imetatuliwa.*

Kama alikuwa akisema na Zaituni au na kaimu, hakuuliza. Alizoea kutouliza. Raha ilikuwa ile ile.

Bi Mwanamvua alibisha hodi mlangoni kwa binti yake saa sita, na uji. "Nakuja mama, nipo kazini." Akabisha saa nane na nusu, bada, ule ugali wa muhogo, imekwisha songwa. "Nakuja mama." Saa tisa chakula kilipopoa kabisa, alisukuma mlango bila hodi, akamkuta mwanawe amelaza shavu juu ya kibodi.

Kiharusi, daktari alisema. Na Ngamiani hata mtoto anajua kwamba kiharusi kinataka haraka.

* * *

"Lile faili la marehemu, kaimu na kumbukumbu zake," Lukindo alisema siku ile ya thelathini na nane, uso wake kwenye pembe ya kioo cha Mwajabu. Alikuwa mkuu wa Dawati, mtu mpole, mwenye kuanza kila jambo kwa kukuuliza umeamkaje. "Lifute leo. Kabla ya saa kumi."

"Arobaini bado, Bwana Lukindo. Kanuni inasema siku arobaini."

"Kanuni inasema ndani ya siku arobaini, kazi alizoacha zikiisha. Kaimu kazimaliza jana. Hati mia mbili na kumi, hakuna kosa hata moja." Akasita. "Mwajabu, nimepitia kumbukumbu za mashine ile. Kuna kizuizi kilifunguliwa. Sijui ni nani aliyekifungua, na sitaki kujua. Umenielewa, dada yangu? Likifutwa, limefutika. Mimi nina watoto, na wewe una kazi nzuri. Aliyekufa hafufuki."

"Nimekuelewa."

"Pole sana lakini. Najua mlikuwa majirani."

Alipoondoka, Mwajabu alikaa na mikono mapajani. Halafu, kwa kuwa mazoea yana nguvu kuliko akili, akaandika.

*Hodi.*

*Karibu shoga! Umepotea jamani. Siku thelathini na nane, umeninunia?*

Mwajabu aliiangalia ile *jamani*. Ilikuwa ya Zaituni kabisa, palepale angeiweka.

*Jumanne ile ya kibodi,* akaandika. *Zile herufi. Ulijua nini?*

*Zilikuwa zinazidi. Nikaanza kuzisafisha, lakini nikisafisha kumi zinakuja mia. Mwenyewe hakusema kitu. Nikaona hili limenishinda, nikaita msaada. Ukaja wewe.*

*Ungesema kaanguka.*

*Sioni chumba, shoga. Naona kilichoandikwa tu, nasikia kinachosemwa. Nilikuita. Ukasema imetatuliwa.*

Mwajabu aliufunika mdomo wake kwa ncha ya kanga. Hakulia kwa sauti. Nyumba ile haina kuta za kulilia.

Akafungua kumbukumbu. Katika mashine zile maneno yaliyoandikwa na vidole huwa ya kijani, ya kaimu huwa ya kijivu. Alishuka taratibu katika Jumanne ile. Kijivu, kijivu, kijivu, kutoka saa tisa kurudi nyuma hadi saa nne na robo. Juu yake, msitu wa kijani wa herufi moja, ulioanza saa nne na dakika saba. Na juu ya msitu huo, mstari mmoja ambao haukutumwa, ulioandikwa kwake:

*Shoga kichwa kinanigonga tangu alfajiri na mkono wa kushoto umekufa ganzi sijui nimeulalia. Mchana njoo tule, mama anasonga bada na samaki wa chukuchuku. Usijifungie chumbani kama*

Basi. Hapo vidole vya Zaituni viliishia.

Kitufe cha *Futa* kilikuwa chini kulia, chekundu, kikubwa kuliko vyote. Mwajabu aliweka mshale juu yake, akauacha hapo. Alijipa sababu, na zote zilikuwa nzuri. Mama ana kitu kimoja tu kilichombakia: kwamba mwanawe alicheka asubuhi ile, kwamba alimwitikia saa sita na saa nane, kwamba mauti yalimjia ghafla bila kumtesa. Nani ana haki ya kumnyang'anya hicho? Na maneno ya mtaa yatachoka. Maneno huchoka. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaeneza mengi maishani mwake, na yote yalichoka.

Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu akamwona Bi Mwanamvua anaingia kutoka nje na sinia kichwani. Kulikuwa na hitima nyumba ya nne na alipeleka mihogo yake. Akaliteremsha ukumbini, akafunua kawa. Mihogo ilikuwa imepangwa kama alivyoipanga, mduara ndani ya mduara, tui limeganda juu. Hata kipande kimoja hakikuguswa. Alikitazama chakula chake kwa muda. Akachukua kipande kimoja, akakila mwenyewe, amesimama, akitafuna polepole kama mtu anayepima kama kina sumu.

Mwajabu aliondoa mshale kwenye *Futa*.

Alinakili kumbukumbu yote, kijani na kijivu. Akafungua fomu ya ajali kazini, ile ambayo hupelekwa Dawati na chama cha wafanyakazi kwa pamoja, na ikishatumwa hairudi. Penye *Aliyefungua kizuizi* akaandika jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Akatuma.

Simu ya Lukindo ilianza kulia kabla hajasimama. Akaiacha ilie kitandani.

* * *

"Mwite Bi Tunu," alimwambia Bi Mwanamvua. "Nataka naye asikie."

"Tunu wa nini? Asubuhi hajanitosha?"

"Mwite, mama. Nakuomba."

Bi Tunu alikuja kwa haraka ya mtu aliyekuwa nyuma ya mlango. Wakakaa ukumbini, wazee wawili kwenye mkeka, Mwajabu chini kwenye saruji, na alisema yote tangu unyago. Hakupamba. Alisema kaimu ni nini, alisema ile *Upo* iliwekwa kwa ajili gani, alisema ni simu ya nani ingelia. Alipofika kwenye herufi zilizomiminika, alisema na namna alivyozizima.

Bi Mwanamvua aliinamisha uso. Alikuwa akikunja ncha ya mkeka na kuikunjua.

"Saa sita nilipompelekea uji. Aliniitikia."

"Si yeye, mama."

"Saa nane na nusu."

"Si yeye."

"Kile kicheko. Nilikuwa pale uani namenya mihogo. Nikasema moyoni, mwanangu leo ana furaha." Akainua uso. "Mwajabu, kile kicheko nacho?"

"Nacho si chake."

Bi Tunu alianza kusema kitu, akaacha, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Basi alikuwa pale," Bi Mwanamvua alisema. "Saa nne. Ukuta huu hapa. Mimi namenya mihogo, wewe unapiga soga, na yeye yuko pale."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unakaa hatua ngapi?"

Mwajabu alijibu, kwa kuwa alizijua. "Kumi na moja."

Kisha akamwonyesha ule mstari wa mwisho kwenye simu yake, maana lilikuwa ndilo neno la mwisho la Zaituni lililokuwa la Zaituni kweli, na mama mtu alikuwa na haki nalo kuliko yeye. Bi Mwanamvua hakuwa na miwani. Bi Tunu akamsomea, taratibu, kwa ile sauti yake ya kusomea maiti. Alipofika *kama*, akatafuta kinachofuata, hakukiona.

"Mimi nimesema maneno, Mwanamvua," Bi Tunu alisema. Alikuwa amekwisha vua miwani yake anaifuta, na ilikuwa haina uchafu. "Vidole nilivyoviona ni vya kweli. Niliyoyashonea juu yake ni yangu. Basi na haya nitayasema. Kwa muuza mkaa, bombani, popote nilipopita nitapita tena, na nitakaa chini niyaseme mpaka yaishe."

Bi Mwanamvua aliichukua simu, akairudisha kwa Mwajabu. Alisimama kwa kushika ukuta, akaenda mpaka mlangoni kwa binti yake. Pale akasimama, na mdomo wake ukafanya kilichozoea kufanya.

"Hodi."

"Nakuja mama, nipo kazini."

Aliisikiliza mpaka mwisho. Mwajabu alimwona mgongo tu.

"Haji huyu," Bi Mwanamvua akasema, bila kumwambia mtu.

Akaingia. Alitoka na kanga ya Zaituni mkononi, akairudisha, akaifunika mashine kama anavyofunikwa mtu, mpaka chini. Halafu mkono wake ukapita chini ya meza, ukatafuta waya, ukauvuta.

Ofisi itakuwa ilituma *Upo?* yake kwa wakati wake, dakika ishirini baadaye. Nyumba ilikuwa kimya.

* * *

Mwajabu alikusanya nguo zake. Hazikuwa nyingi. Simu ilikuwa na ujumbe sita wa Lukindo, wa mwisho ukisema tu: *Ingefutika, Mwajabu.* Na mmoja wa chama: ataitwa lini, aje na nani, asiguse mashine yoyote ya kampuni kuanzia sasa. Aliizima kompyuta yake mwenyewe, na chumba kilichokuwa na watu mia tisa kikabaki na mtu mmoja.

Nje alimsikia Bi Tunu kwenye kona ya muuza mkaa, sauti yake inapanda na kushuka, na sauti za wengine zikimkatiza, kisha zikiacha kumkatiza. Uani alisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Mtu anasonga. Kusonga bada kunataka mabega, na pale palikuwa na mtu anasonga kwa mabega yote.

Ilipofika saa saba, harufu ya ndimu na samaki wa chukuchuku ikaingia kupitia dari. Mwajabu akaweka begi mlangoni. Alifikiri atoke kimya, kwa mlango wa mbele, halafu akaona kwamba kutoka kwenye nyumba ya mtu kimya ni ubaya mwingine juu ya ule. Ataaga. Basi akalichukua begi, akapita ukumbini, akizihesabu hatua bila kutaka, akasita mbele ya chumba cha Zaituni ambacho mlango wake leo ulikuwa wazi na dirisha limefunguliwa, akaendelea mpaka mlango wa uani. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Hodi."

Hakuna kitu. Mwiko ulikuwa umenyamaza.

"Hodi," mara ya pili.

Alisikia maji yakimiminwa kwenye bakuli. Alisikia mtu akijisogeza kwenye mkeka. Mtu hubisha mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa huondoka, na hakuna wa kumlaumu mwenye nyumba. Mwajabu alishika mpini wa begi.

"Hodi."

Kimya kilikaa kirefu kiasi cha kuku kuvuka ua mzima.

"Karibu," Bi Mwanamvua alisema.

Mwajabu akainua pazia. Sinia lilikuwa katikati ya mkeka, na mlango wa nje wa uani, unaotazama barabara, ulikuwa umefunguliwa wote ili anayepita aone. Bi Tunu alikwisha rudi. Alikuwa amekaa upande mmoja, amekunja mguu, tonge la bada mkononi, anatafuna akiwa amewatazama wapita njia mmoja mmoja. Upande wa pili palikuwa na bakuli la maji na nafasi ya mtu.

"Nimekuja kuaga, mama."

"Nimeliona begi." Macho ya Bi Mwanamvua yalikuwa yamevimba, na hakuyaficha. "Sina radhi na wewe leo, Mwajabu. Kesho sijui. Nikikutazama namwona yeye pale chini, na pengine nitamwona mpaka nife."

"Ndiyo, mama."

"Lakini mwanangu alikualika." Akausogeza mkia wa samaki, ule aliokuwa akiupenda Zaituni, mpaka mbele ya ile nafasi tupu. "Weka begi hapo. Nawa mikono, uje ule, bada inapoa."